Mashua ya Mgeni na Sheria ya Forodha

Yawapasayo watu wa Sori kuyajua kabla ya kununua au kukodi chombo

Katika ghuba ya Karungu, mbele ya mji wa Sori, mashua nyingi zionekanazo ni za wavuvi wa omena na mbuta. Lakini huenda siku moja akaja mgeni na chombo cha namna nyingine, kiitwacho yoti, yaani mashua ya matanga au ya mtambo iliyoundwa kwa matembezi, si kwa uvuvi wala biashara. Mtu akisikia kwamba mgeni huyo hakulipa ushuru, hali mfanyabiashara aliyeagiza mtambo wa mashua kutoka ng'ambo alitozwa mpaka senti ya mwisho, atauliza: Je, huu si upendeleo? La, si upendeleo. Sababu yake imo katika sheria, na asiyeifahamu aweza kupoteza akiba yake ya miaka mingi.

MAANA YA RUHUSA YA MUDA

Ushuru wa forodha hutozwa juu ya kitu kiletwacho nchini ili kibaki. Kitu kiletwacho kwa muda tu, kisha kikarudishwa kilikotoka, hakistahili kutozwa kama bidhaa ya dukani. Kwa hiyo Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu cha 117, husamehe ushuru wa vitu viletwavyo kwa matumizi ya muda.

Lakini msamaha huo una masharti. Kwanza, mwenye chombo sharti apate ruhusa ya afisa wa forodha. Pili, sharti aweke dhamana, ama kwa fedha taslimu ama kwa hati, ya kiasi cha ushuru ambao ungelipwa. Tatu, muda wa ruhusa hauzidi miezi 12 tangu siku ya kuingia.

Tuchukue mfano. Tuseme ushuru na kodi za yoti moja zingekuwa jumla ya shilingi 600,000. Mgeni huweka dhamana ya kiasi hicho. Akiondoka na chombo chake katika muda aliopewa, dhamana hufunguliwa naye hapotezi kitu. Akivunja masharti, ushuru wote hudaiwa kana kwamba ulipasa kulipwa tangu siku ile chombo kilipoingia.

MAHALI PA KUINGILIA

Hakuna meli iwezayo kusafiri kutoka baharini mpaka Ziwa Viktoria. Yoti itokayo Ulaya hushushwa bandarini, kama vile Mombasa, kisha huletwa ziwani kwa njia ya nchi kavu. Hati zake hutengenezwa pale inapoingia kwanza. Mtu atokaye Tanzania kwa barabara, akiwa na mashua juu ya tela, aweza kupitia kituo cha forodha cha Isebania. Ajaye kwa maji hana budi kwenda kwenye bandari yenye ofisi ya forodha, kama Kisumu. Haifai kushusha watu na mizigo katika ufuko wowote apendao.

HATARI KWA MNUNUZI

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa mtu wa Sori. Mgeni aweza kuchoka na safari akasema, "Nipe fedha kidogo, uchukue mashua hii." Bei ni rahisi, na mtambo ni mzuri. Lakini ruhusa ya muda si ruhusa ya kuuza. Chombo hicho bado kinadaiwa ushuru, na maafisa wa forodha waweza kukikamata kikiwa mikononi mwa mnunuzi. Wakati huo mgeni amekwisha kwenda zake, na fedha zimekwenda pamoja naye. Vivyo hivyo kukikodi ili kuchukua abiria au magunia ya omena si matembezi tena, bali ni biashara.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwambie mwuzaji akuonyeshe hati ya forodha na stakabadhi ya ushuru uliolipwa. Akisema ziko njiani, mngojee mpaka zifike. Afadhali zaidi, nendeni pamoja kwenye ofisi ya forodha, ushuru ulipwe kwanza, ndipo mnunue na kuuza.

Jambo jingine ni hili. Chombo kidogo, chini ya tani 250 za usajili, kikitumiwa kuingiza magendo, chenyewe pia chaweza kutwaliwa na Serikali, wala si mizigo peke yake. Mwenye mashua na aangalie sana anampa nani.

MASHUA ZA JIRANI ZETU

Tangu tarehe 1 Januari 2005, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki umeondoa ushuru mwingi baina ya nchi wanachama. Mashua ya mbao iliyoundwa Musoma, ikinunuliwa kihalali, haitozwi ushuru wa forodha iwapo ina cheti cha asili kinachoonyesha kwamba imetengenezwa Tanzania. Kwa mali isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kiko cheti chepesi, kipatikanacho mpakani. Hata hivyo kodi nyingine zaweza kudaiwa, na kuripoti mbele ya afisa hakuondolewi.

Mwisho, msomaji asidhani kwamba kulipa ushuru ndiyo usalama wa safari. Ukaguzi na usajili wa vyombo ni kazi ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, nayo ina kanuni zake.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mashua isiyo na hati ni mali ya namna hiyo: waiona inaelea leo, lakini huna hakika kwamba kesho itakuwa yako.