Mtoto mwepesi, dawa pungufu

JINJA — Kwenye mwalo wa Masese dagaa huitwa mukene, na wengi wanaofanya kazi hapo hukanyaga maji ya ziwa. Humo huishi konokono anayeeneza kichocho.

Dawa ipo, praziquantel: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Ndicho kipimo kinachotumika pia Kenya na Tanzania. Je, kinamtosha mtoto?

Watafiti waliwapa dawa hiyo watoto 60 wa Uganda wenye kichocho cha tumbo, wa miaka 3 hadi 8; nusu walipewa miligramu 40 kwa kilo, nusu 60. Damu ya mtoto haichukuliwi kila dakika, kwa hiyo vipimo vichache viliingizwa kwenye hesabu iliyokadiria jinsi dawa inavyopanda na kushuka mwilini.

Majibu yalitoka 2016: mtoto mwepesi hupata dawa kidogo zaidi kwenye damu, hata akipimiwa kwa kilo zake, na 40 hazitoshi kumponya vizuri. Na hata ikitosha, praziquantel haiwaui minyoo wachanga. Anayemeza leo akarudi majini kesho anaweza kuambukizwa tena.