Fahamu: Kwa nini picha ya kikapu chako hufifia ikifika mtandaoni

Simu nyingi za sasa hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani pikseli milioni 12, na faili moja huweza kufika megabaiti 3 hadi 5. Msusi wa vikapu akimtumia mteja picha kumi za namna hiyo, bando linaliwa pande zote mbili.

WhatsApp kwa kawaida huibana picha kabla ya kuituma. Instagram nayo huonyesha upana wa pikseli 1080. Ukizidisha, mtambo ndio unaoamua kipi kibaki. Kinachoumia ni kile kile unachokiuza: mshono wa ukili, mstari mwembamba wa rangi. Nyuzi za kiondo cha mkonge zilizosukwa kwa kubanana hufifia, au hutokeza mawimbi ambayo kwenye kiondo chenyewe hayapo. Mnunuzi hudhani kazi ni mbovu, na hilo ni dhuluma kwa mikono iliyoisuka.

Afadhali uipunguze picha mwenyewe. Kata kwanza pembezoni pasipohitajika, kisha weka upana 1080 na uuache urefu ujipange wenyewe, la sivyo kikapu cha duara kitakuwa yai. Hifadhi kwa JPEG, ubora wa asilimia 80 hivi. Fanya yote haya kwenye nakala, maana pikseli zikishatupwa hazirudi, na anayetaka kuchapisha katalogi ataiomba picha kubwa ya asili.

Mteja akitaka kukagua mshono, mtumie ile ya asili kama dokumenti. Hapo WhatsApp haiibani.