Mashua ya kushonwa nyuma ya jikoni

JE, msomaji, umewahi kuwazia mashua yenye tanga ikiundwa Gesima, katikati ya majani chai na migomba? Usicheke kwanza. Mto Gucha huanzia milima ya Kiabonyoru papa hapa Nyamira na kuishia Ziwa Victoria, na siku isiyo na ukungu, ukipanda juu Manga, utaliona ziwa lenyewe kwa mbali.

Mimi na kakangu tulijaribu jambo hili nikiwa darasa la sita. Tulichukua mbao mbichi za saipresi, tukazipigilia misumari zikawa sanduku refu jembamba, tukapaka lami kwenye nyufa na kulisukuma katika bwawa la samaki la jirani. Kakangu aliposimama ndani, lilipinduka. Kama si mama mmoja aliyekuwa akichuma chai karibu, akamnyoshea ufito, habari hii ingekuwa nyingine.

Mbao mbichi hujikunja zikikauka, na maji hupata njia. Isitoshe, chombo chembamba humfuata anayesimama. Lakini kosa ambalo sikulitambua hadi ukubwani ni kudhani kwamba mashua ni lazima ipigiliwe misumari.

Mtepe wa Lamu na Pate ulishonwa kwa kamba za usumba, tanga lake likiwa la mkeka. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu, huko Rhapta. Waganda nao walishona mbao za mitumbwi yao mirefu ziwani. Mitumbwi ya sese unayoiona Homa Bay na Kendu Bay ni wajukuu wa ile, ingawa siku hizi hupigiliwa misumari na kutiwa kalafati.

Mwaka wa 1963 ushonaji huo ulizuka tena Uingereza. Gazeti la Daily Mirror lilidhamini mashua ndogo ya watu wa kawaida, urefu wa mita 3.3 hivi, iliyobuniwa na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell, fundi wa vipindi vya televisheni. Vipande vya plaiwudi hushonwa kwa waya wa shaba, kisha viungo hufunikwa kwa gundi na utepe wa nyuzi za kioo. Zaidi ya 70,000 zimeundwa, nyingi zikiundwa nyumbani.

Basi ukitaka kuanza, anza na kadi. Plaiwudi ya dukani ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Kata kadi ya sentimita 24.4 kwa 12.2, chora humo sakafu, kuta mbili, mbele na nyuma, shona kwa uzi na uweke kwenye karai la maji. Ikilala upande, umepoteza kadi, si pesa.

Plaiwudi nayo ina hila zake. Muuzaji atakuapia kwamba zote ni sawa. Omba kipande, kichemshe saa nzima (si kwa sufuria ya ugali, mwenye jiko hatakusamehe). Matabaka yakiachana, hiyo ni ya makabati. Iliyo nzuri itoboe kwa keekee kandokando, funga kwa waya, kaza taratibu kwa koleo, na uhakikishe chombo hakijapinda kabla ya kupaka gundi ya epoksi. Ipake nje, watoto wakiwa mbali, kwa maana mvuke wake ni mbaya. Baridi ya Gesima huichelewesha kushika, kwa hivyo ngoja siku ya jua.

Tanga liwe dogo. Katikati weka ubao wa kushuka majini, la sivyo upepo utakusukuma kando kama jani. Chini ya viti funga madebe matupu yaliyozibwa vizuri, ili chombo kikipinduka kisizame.

Kisha kuna pikapu ya kuipeleka ziwani kupitia Kisii. Ukifika, waulize kwanza wavuvi wa ufuo huo kuhusu upepo na gugumaji, na asipande yeyote bila jaketi la kuokolea, hata ajuaye kuogelea.

Sisi tumemaliza ya kadi. Kakangu amesema safari hii atanipigia makofi akiwa ufuoni.