Fahamu: Fremu isiyo na mwenyewe huenda wapi?

Waya mmoja wa Ethernet unaoingia kwenye ruta unaweza kubeba mitandao ya wateja wengi. Kinachoitenganisha ni lebo ya baiti 4 ndani ya kila fremu (kifurushi cha data), iliyowekwa na kiwango cha IEEE 802.1Q cha mwaka 1998. Ndani yake mna namba ya VLAN (mtandao pepe), kuanzia 1 hadi 4094. Fundi huigawa poti kuwa violesura vidogo, kila kimoja na namba zake.

Je, ikija fremu yenye namba ambayo haikuandikwa popote? Kwa kawaida hutupwa. Lakini kwenye ruta za Cisco zinazotumia IOS XR, amri ya encapsulation default chini ya kiolesura kidogo cha l2transport (cha kusafirisha fremu za tabaka la 2) hukifanya kipokee kila kilichobaki, chenye lebo na kisicho nayo. Violesura vidogo vyenye namba mahususi hutangulia kuchukua fremu zao.

Amri hii inamfaa sana mteja aliyenunua njia nzima na anayejipangia VLAN zake. Kwenye poti ya wateja mchanganyiko ni hatari: fundi akikosea akaandika 110 badala ya 100, fremu za 100 hazitupwi, zinapita kimyakimya hadi kwa mtu mwingine. Kwenye poti ya namna hiyo, andika namba moja moja.