Chanzo cha Mng'ao katika Nukta za Kaboni Zitokanazo na Maganda ya Matunda

Nukta za kaboni ni chembe zenye kipenyo cha chini ya takribani nanomita 10, ambazo hung'aa, aghalabu kwa rangi ya buluu, zinapomulikwa kwa mionzi ya urujuanimno. Zilibainika Marekani mwaka 2004. Kuzitengeneza kutokana na maganda ya machungwa si kazi ngumu: maganda husagwa, huchanganywa na maji, kisha hupashwa joto kwa saa kadhaa katika chombo cha chuma kilichofungwa, mara nyingi kwa nyuzi 150 hadi 200 za Selsiasi.

Ugumu umo katika usafishaji. Asidi ya sitriki ikiungana na amini huzalisha pia molekuli ndogo zing'aazo, nazo si nukta. Karatasi ya kuchujia haiziondoi. Huhitajika dayalisisi, ambapo molekuli hizo hupenya utando na kutoka. Kwa hiyo mng'ao uliopimwa kabla ya hatua hiyo, hata ukilinganishwa ipasavyo na salfeti ya kwinini, hauthibitishi lolote kuhusu nukta zenyewe. Picha ya chupa ing'aayo, pambo la tasnifu nyingi, haithibitishi pia. Maji yaliyo nje ya utando sharti yapimwe: yakibeba sehemu kubwa ya mng'ao, kilichotengenezwa hasa ni rangi iliyoyeyuka.