Barabara ya Morogoro: Kutoka Bandarini Hadi Milima ya Uluguru

Wanachama wetu wengi huijua Dar es Salaam kwa mambo mawili: bandari wanaposhuka, na Kariakoo wanaponunua. Mwenye mikarafuu Pemba akitaka turubali, bati za paa, pampu ya maji au vitambaa vya harusi ya binti yake, haoni taabu kuvuka bahari kuvifuata. Lakini njia inayopita baina ya bandari na soko, na kuendelea mpaka bara, wengi huikanyaga bila kuuliza yatoka wapi wala yaenda wapi. Nayo ndiyo Barabara ya Morogoro. Tumeona inafaa kuieleza, maana yatuhusu sisi wakulima wa karafuu kuliko mtu anavyodhania.

Barabara hii yaanzia pwani kabisa. Abiria wa boti ya Unguja akitoka nje ya lango na kuingia Sokoine Drive, hana mwendo mrefu kuifikia pembe yake ya kwanza. Kwenye pembe hiyo lipo jengo la mawe ya matumbawe na boriti, lenye milango ya kuchonga ya mtindo wa kwetu. Hilo ndilo Boma la Kale, lililojengwa katika miaka ya 1866 na 1867 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ili wageni wake wapate pa kulala. Jumba lake mwenyewe lililokuwa karibu limekwisha toweka, lakini Boma lipo, na tangu 2017 ni kituo cha kuhifadhi habari za majengo ya mji. Mwanachama mwenye nusu saa ya kungojea boti asikae kwenye viti tu, avuke akalitazame.

Sayyid Majid alitaka mji wa bara wenye bandari tulivu, ambao misafara ingeufikia moja kwa moja. Hapo palikuwa na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 kabla kazi haijaiva, na ndugu yake Sayyid Barghash hakuwa na hamu na mji ule. Miaka miwili baadaye, 1872, ilikuja ile tufani kubwa ambayo wazee wetu walihadithiwa na wazee wao, ikang'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Kwa nchi iliyopata pigo la namna hiyo, mji mpya wa bara haukuwa jambo la kushughulikia. Majani yakaota.

Hata hivyo wazo la barabara ya kwenda bara halikufa. Mwaka 1877, kwa ridhaa ya Sayyid Barghash, tajiri wa meli wa Uskochi, William Mackinnon, pamoja na wenzake, walianza kukata njia kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Walifikisha maili sabini na kitu. Ng'ombe wa kukokota magari wakafa kwa mbung'o, msitu ukarudi nyuma yao kama walivyoufyeka, na mwaka 1881 kazi ikaachwa. (Asije mtu akaichanganya na ile Mackinnon Road ya Kenya, ambayo ni ya baadaye na jina lake limebaki katika mji mdogo wa njia ya Mombasa.) Twaitaja barabara hii iliyoshindikana kwa sababu ilikuwa na shabaha ile ile iliyokuja kutimizwa karibu miaka mia baadaye: kuunganisha bandari hii na nchi zilizo ng'ambo ya Nyasa.

Wajerumani waliufanya mji kuwa makao yao makuu mwaka 1891, lakini wao waliweka imani yao katika reli. Kazi ya kutandika ilianza 1905, gari moshi likafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Basi kwa miaka mingi, chini ya Wajerumani na hata chini ya Waingereza, barabara ya Morogoro ilikuwa kama mtoto wa kambo. Serikali haikuona haja ya kuitafutia reli yake mshindani.

Tuirudie njia yetu mjini. Kutoka Boma yakata Samora Avenue, yapita mitaa ya maduka ambayo watu waliiita Uhindini, yavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed penye chuo cha ufundi kilichoanzishwa 1957, na kufika mahali paitwapo Fire, kwa ajili ya kituo cha zimamoto. Hapo mwenye kwenda Kariakoo hugeuka kushoto na kushika Mtaa wa Msimbazi. Huko nyuma baina ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mpana wa Mnazi Mmoja. Uwanja huo haukuachwa kwa ajili ya kupunga upepo. Mji uligawanywa kwa sheria za ujenzi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na eneo tupu likawekwa katikati kama ua. Leo watu hupumzika hapo bila kukumbuka lilikuwa la nini, na pengine si vibaya.

Kariakoo yenyewe jina lake latokana na Carrier Corps, jeshi la wachukuzi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, wachukuzi wa vita walipigishwa kambi hapo, na ndimi za watu zikalifanya neno la Kiingereza kuwa letu. Wachukuzi hao walibeba vichwani mizigo ya jeshi zima, maana farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o kama wale wa Mackinnon. Watu waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walikuwa makumi ya maelfu. Nao hawakuwa watu wa bara peke yao. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza mwenyewe kikosi cha wachukuzi kilichotoka visiwani kwetu. Kwa hiyo mwanachama anayebeba furushi lake kupita Mtaa wa Msimbazi anapita mahali ambapo pengine babu wa jirani yake alitua mzigo mzito zaidi.

Mitaa ya Kariakoo yafaa kusomwa kama kitabu. Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti: hayo ni majina ya mapigano ya vita ile ile kusini mwa Tanganyika, wala si majina ya watu kama tulivyosikia mwuza duka mmoja akimweleza mgeni. Halafu upo Mtaa wa Pemba na upo Mtaa wa Mafia. Katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, leo Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Jengo la soko tunalolijua lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kusomea usanifu wa majengo, na lilifunguliwa 1975. Mapaa yake ya zege yamefanywa kama miavuli iliyopinduliwa, ili mvua ikusanyike na kushuka katika matangi chini ya ardhi, na chini kuna soko jingine la ghala. Julai 2021 lilishika moto usiku, na wafanya biashara wengi waliamka maskini. Wengi walikuwa wamenunua mali kwa mkopo. Moto haukuchoma soko tu. Ulichoma na madeni ya watu waliokuwa mbali, kwani mwenye duka Chake Chake au Mkoani aliyekuwa amekwisha tuma fedha za bidhaa naye alikaa akingoja.

Sasa yafaa tueleze jinsi barabara ya udongo ya Morogoro ilivyogeuka kuwa barabara kuu ya nchi kadhaa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha mafuta na shaba yake huko kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Mlango uliobaki ulikuwa Dar es Salaam. Mafuta yakapelekwa kwa ndege, na mapipa yakapakiwa katika malori kwenda Tunduma kwa njia ya udongo na changarawe. Madereva waliipa njia ile jina la Jehanamu. Masika ilikuwa ni matope mpaka kwenye ekseli, na kiangazi vumbi lililoficha lori la mbele. Mwaka 1966 Serikali mbili zikaunda kampuni ya pamoja ya malori; mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi; na reli ya TAZARA iliyojengwa kwa msaada wa Wachina ikakabidhiwa 1976. Katikati ya hayo, baina ya 1968 na 1973, barabara yenyewe ilijengwa upya na kutiwa lami kwa fedha za Wamarekani, Benki ya Dunia na wengineo. Ndiyo Tanzam. Hupita Chalinze, penye njia panda ya Tanga, hufika Morogoro, hukata mbuga ya Mikumi iliyotangazwa hifadhi mwaka 1964, hupanda Iringa na Mbeya, na kuishia mpakani Tunduma. Wanunuzi wa Zambia, Malawi na Kongo waliojaa Kariakoo wameletwa na njia hiyo. Bei ya khanga na sufuria tunayoulizwa sisi hutegemea na wao pia.

Lakini barabara hiyo hiyo ina mahali pake pabaya, na pa kwanza pako karibu kabisa na soko. Baada ya Fire barabara hushuka Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, kabla ya kupanda Magomeni. Mvua ikizidi, maji hupita juu ya lami na mji hukatika vipande viwili. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu kama arobaini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 karakana yao iliwekwa hapo hapo Jangwani, na mabasi kadhaa yakaharibiwa na maji. Twaona mkulima yeyote wa bonde la mpunga angaliulizwa angalisema mapema. Mwaka 2022 ulipatikana mkopo wa Benki ya Dunia wa kulitengeneza bonde zima, pamoja na daraja la juu zaidi hapo Jangwani.

Pa pili ni Kimara na kuendelea. Huko, mpaka Kiluvya, hifadhi ya barabara ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Huo ni upana wa kutisha. Barabara kuu nyingine, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, zina mita 30 kila upande. Mwaka 2017, ili njia ipanuliwe kuwa ya safu nane mpaka Kibaha, nyumba zilizokuwa ndani ya kipimo hicho zilibomolewa, wenyewe wakalia kwamba walikuwa na karatasi na hawakulipwa kitu. Serikali ilijibu kwamba walivamia. Hata majengo ya Serikali yenyewe pale Ubungo, ya umeme na ya maji, yaliwekewa alama na kubomolewa kwa sehemu, ili pajengwe njia za juu zilizofunguliwa Februari 2021 kwa jina la Kijazi. Tunajua kwamba baadhi ya wanachama, msimu ukiwa mzuri, hupeleka fedha za karafuu kununua viwanja kwa ndugu zao Kimara, Mbezi na Kibamba. Kabla hujatoa hata shilingi, nenda wewe mwenyewe, usimtume dalali, ukaulize ofisi ya TANROADS kiwanja kiko umbali gani kutoka katikati ya barabara, na upate jibu kwa maandishi. Hati ya mtaa haizuii tingatinga.

Pa tatu ni Msamvu, penye kuingia Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Waliokufa walizidi mia moja.

Tumefika Morogoro, na hapa ndipo penye jambo lililotufanya tuandike. Kutoka mjini hapo hutoka njia ya kuzunguka milima ya Uluguru kwenda Mkuyuni na Matombo, na nyingine ya Kinole. Huko kuna mikarafuu. Si michache ya kupendezesha uwanja. Ni mashamba, na Halmashauri ya wilaya imekuwa ikiwagawia wakulima miche. Karafuu zao hushuka kwa malori, hushika barabara hii tuliyoieleza, na kuingia Dar es Salaam. Sisi karafuu zetu kwa sheria twaziuza ZSTC kwa bei iliyotangazwa. Wao huuza kwa mchuuzi anayefika kwanza. Bei ikipanda hucheka kuliko sisi, ikianguka mchuuzi haji, na njia ya Matombo wakati wa masika si ya lami.

Wako wanachama wanaosema karafuu ya bara si karafuu. Hatukubaliani nao. Mti ni ule ule, na mnunuzi wa Bombay au Singapore hutazama rangi, ukavu na usafi. Nasi tunao wenzetu ambao mpaka leo huanika juu ya lami, wakachanganya na makonyo na mchanga, wakati majamvi yapo. Mwanachama aliyekwisha fika Matombo au Kinole akaona wanavyochuma, wanavyoanika na wanacholipwa kwa kilo, na atuandikie habari zake; tutazichapa katika toleo lijalo.