Je, Wajua? Vichekesho vya Anga za Juu, Kuanzia Tunduma

Je, wajua kwamba ukiwa Tunduma unaweza kurudi nyuma saa nzima kwa miguu? Ondoka upande wetu wa Tanzania saa 3:00 asubuhi, vuka mpaka uingie Nakonde: saa za Zambia ndiyo kwanza zimepita saa 2:00. Waandishi wa hadithi za kisayansi hubuni mitambo mizito ili kumrudisha mhusika nyuma ya wakati. Hapa mama anayevusha mchele anafanya hivyo kabla ya chai, na akirudi jioni anailipa ile saa aliyokopa.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya mpaka huo kulikuwa na mpango wa kwenda mwezini? Mwaka 1964, Zambia ilipopata uhuru, mwalimu Edward Makuka Nkoloso alitangaza kwamba Wazambia watawatangulia Wamarekani na Warusi. Wanafunzi wake waliingizwa kwenye pipa tupu la mafuta na kubingirishwa mteremkoni, wazoee misukosuko ya safari. Walibembea kwa kamba, na walipofika juu kamba ikakatwa, waonje kukosa uzito. Aliyeteuliwa kuruka alikuwa msichana, Matha Mwamba, akisindikizwa na paka. Nkoloso aliomba fedha UNESCO, hazikuja. Magazeti ya Ulaya yalicheka, yakasahau.

Namwali Serpell, mwandishi mzaliwa wa Lusaka, hakusahau. Katika riwaya yake The Old Drift ya mwaka 2019, Matha anaanza akiwa binti mcheshi wa mapipa na paka, kisha anaachwa na mpenzi wake, na machozi yanaanza kumtoka bila kukoma kwa miaka na miaka. Mjukuu wake, Jacob, anakuja kutengeneza ndege ndogo zisizo na rubani, za ukubwa wa mbu. Ndoto ya bibi imeruka, ila kwa umbo ambalo hakulitarajia. Mwaka 2020 kitabu hicho kilishinda Tuzo ya Arthur C. Clarke, inayotolewa Uingereza kwa riwaya bora ya kisayansi. Kwangu mimi, nguvu yake yote ni huyo Matha: unamcheka ukurasa huu, na baadaye unaona aibu kwamba ulicheka.

Je, wajua kwamba kisa cha Arthur Dent, mhusika wa mwandishi Douglas Adams, kingeeleweka upesi sana kwa yeyote mwenye nyumba kando ya barabara kuu ya Tunduma? Kinaanza na tingatinga limekuja kubomoa nyumba yake kupisha barabara. Hujapita muda, dunia nzima inabomolewa kupisha barabara ya angani, na Arthur ananusurika akiwa bado na nguo za kulalia. Aliyewahi kuamka akakuta alama nyekundu ya X ya bomoabomoa ukutani kwake hahitaji kuelezwa kichekesho hicho, wala uchungu wake. Adams alikianzisha kisa hicho kama mchezo wa redio wa BBC mwaka 1978, akaandika vitabu vitano, cha mwisho mwaka 1992. Arthur wa kitabu cha kwanza analalamika tu na kutafuta chai. Katika cha tatu anajifunza kupaa. Katika cha tano ni mtengeneza sandwichi anayeheshimiwa kijijini, kwenye sayari ya mbali, na ni baba wa binti asiyejua amleeje.

Na roboti Marvin wa vitabu hivyo hivyo, mwenye ubongo mkubwa kama sayari lakini anatumwa kufungua milango? Akifika mwisho wake katika kitabu cha nne, umri wake ni mara 37 ya ule wa ulimwengu.

Adams huyo alifika kwetu. Mwaka 1994 alishiriki msafara wa kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya faru, na njiani kuelekea mlimani alivaa vazi zito la faru. Fedha zilizochangwa zilisaidia shule nchini Kenya na uhifadhi wa faru weusi Tanzania.

Je, wajua kwamba Jim diGriz, mhusika wa mwandishi Harry Harrison, alianza mwaka 1957 akiwa mwizi wa sayari kwa sayari, akageuzwa askari, akaoa, akapata mapacha, na mapacha wakakua wakaingia kazini naye? Na kwamba roboti mlinzi katika vitabu vya Martha Wells, tangu mwaka 2017, anachopenda kuliko vyote ni kutazama tamthilia?

Je, wajua kwamba Songwe, mkoa wetu, ina mgeni halisi kutoka angani? Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, kina uzito wa tani nyingi, na takribani asilimia 90 yake ni chuma. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni nikeli. Ni kigumu kiasi kwamba kukata kipande kidogo kwa msumeno wa mkono huchukua saa nyingi. Sijui mhusika gani angefaa zaidi kufungua mfululizo wa vitabu.

Kiswahili kimeshajaribu hadithi za namna hii. Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995: Dzombo anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kurushwa angani ndani ya chombo. Hafi. Anatua kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa, na kejeli yote inaturudia sisi wa huku chini.

Na kwa anayetaka mhusika mmoja wa kuzeeka naye, yupo mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Hapandi roketi, anavuta kiko na kutumia akili pale wengine wanaposingizia mizimu. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori mpakani aanze na Mzimu wa Watu wa Kale (1960), afuate Kisima cha Giningi (1968), na asiguse Kosa la Bwana Msa (1984) kabla hajamzoea mzee huyo.